Mlima mmoja, namba tatu: kuelewa kifaa cha GPS cha baiskeli

Tulikuwa watatu. Tuliondoka Mombo saa mbili asubuhi, tukapanda ile barabara ya lami inayojikunja kwenye milima ya Usambara hadi Soni na kuendelea mpaka Lushoto. Ni kilomita 33 hivi, na karibu zote ni za kupanda. Tulipofika tukakaa kwenye benchi la mama lishe, chai ya tangawizi mezani, na kama ilivyo ada ya waendesha baiskeli kila mtu akatoa kifaa chake kuhesabu mavuno. Mwalimu, ambaye kifaa chake ndicho cha bei kubwa, alisoma mita 1,090 za kupanda. Kijana wa benki, mwenye kile cha bei nafuu, akasema 1,460. Mimi nilikuwa narekodi kwa simu iliyokuwa mfukoni, nikapata 1,270. Umbali nao ukagoma kufanana: 33.4 kwa mwalimu, 32.7 kwa kijana, 33.9 kwangu.

Mama lishe alisikiliza ubishi wetu huku akigeuza chapati, kisha akauliza, "Kwani mmepita njia tofauti?"

Hatukupita njia tofauti. Tulipita kona zile zile, tukasimama kupumua mahali pale pale. Kilichotofautiana ni namna kila kifaa kinavyojua kile kinachodai kujua. Kwenye skrini namba zote zinaonekana ndugu, mwandiko mmoja na uhakika uleule, lakini kila namba ina mama yake. Umbali una wake, mwinuko una wake, na ule mshale unaokuambia ukate kushoto umezaliwa nyumba nyingine kabisa. Ukishajua nani kamzaa nani, unajua dukani unalipia nini, na barabarani unajua namba ipi ya kuibishia.

Kifaa kinasikiliza, hakiongei

Nianze na kosa ninalokutana nalo karibu kila safari. Mtu anaingia porini, simu inapoteza mtandao, anasema GPS imekufa. Haijafa. GPS haitaki laini wala bando. Ni redio ya kupokea tu. Juu yetu, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zinazunguka setilaiti kama 30 za Marekani, kila moja ikiwa na saa ya atomiki, kila moja ikirudia maneno yale yale: mimi ni fulani, niko hapa, na sasa hivi ni saa hii. Kifaa chako kinapima ujumbe umechukua muda gani kufika. Setilaiti ikiwa utosini, muda huo ni kama sehemu 67 za elfu moja ya sekunde, na ndio unaokipa umbali hadi kwenye setilaiti ile. Tatu zingetosha kukuweka mahali, ila saa iliyomo kwenye kifaa chako ni ya bei rahisi, na ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umeshahamishwa mita 300. Setilaiti ya nne inahitajika ili kuisahihisha saa hiyo.

Kinachokufa porini ni picha ya ramani. Programu nyingi za simu huvuta ramani kutoka kwenye intaneti kadiri unavyosogea, kwa hiyo mtandao ukikatika doti yako inabaki hai, imesimama juu ya uwanja mtupu.

Mtandao una msaada mmoja tu hapo: kuamsha kifaa haraka. Setilaiti huongea polepole sana, biti 50 kwa sekunde, na ratiba nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kusomwa. Simu huipata ratiba hiyo kupitia intaneti kwa kufumba na kufumbua. Kifaa kilichokaa kabatini miezi mitatu hakina ratiba mpya, ndiyo maana asubuhi ya safari kinazungusha kiduara huku wenzako wamekwisha kupanda baiskeli. Dawa yake ni kukiunganisha na simu usiku kabla ya kulala, na asubuhi kukiweka nje penye anga wazi, kikiwa kimetulia, kabla hujavaa viatu. Ukikiwasha huku unakanyaga chini ya miembe, unakinyanyasa bure.

Usahihi wa kawaida mahali pa wazi ni kama mita tano. Tumezoea mno hata tumesahau kwamba hadi usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliharibu kwa makusudi mawimbi yanayopokelewa na raia, na kosa lingeweza kufika mita 100. Rais Clinton ndiye aliyeamuru uharibifu huo ukome. Kwenye barabara ya Soni, mita 100 ni tofauti kati ya kuwa barabarani na kuwa bondeni mtoni. Leo kuna pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na karibu kila kifaa kinachouzwa sasa kinasikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Muuzaji akikupigia debe kwamba chake kinasoma mifumo minne, mpongeze, kisha endelea na swali linalofuata.

Swali hilo ni la masafa mawili. Vifaa vya bei ya juu hupokea setilaiti nyingi kwa masafa mawili ya redio, na hiyo husaidia sana kutambua mwangwi: mawimbi yaliyogonga ukuta wa mwamba au ghorofa kabla ya kukufikia, yakakudanganya kuhusu umbali. Kati ya kuta za bonde la Soni, au Dar es Salaam katikati ya maghorofa ya Posta, tofauti unaiona kwa macho kwenye mstari uliochorwa. Lakini kama safari zako ni Bagamoyo au tambarare za Dodoma, uwazi mtupu, usiuze mbuzi kwa ajili ya masafa mawili.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna jambo letu la ziada. Jua likishazama, tabaka la juu la angahewa liitwalo ionosfia huweza kuchafuka, na mawimbi ya setilaiti yakameremeta kama nyota zinavyomeremeta, hasa karibu na Machi na Septemba katika miaka ambayo jua lenyewe limechangamka. Mstari wa safari yako ya jioni ukionekana umetetemeka kuliko wa asubuhi, usikimbilie kwa fundi.

Umbali, au kazi ya chaki

Kifaa hakioni barabara. Kinaweka nukta, kisha kinaunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka na kujumlisha. Cha kijana wa benki kilikuwa kimewekwa kwenye hali ya kuokoa nafasi, kinaandika nukta kinapoona inafaa. Wakati wa kupanda hasara ni ndogo, lakini fikiria kuteremka kwa kilomita 50 kwa saa: ni mita 14 kila sekunde. Nukta zikiachana kwa sekunde tano, umeenda mita 70, na kona nzima ya kurudi nyuma imemezwa katikati. Kifaa kinachora mstari kukatiza korongo kana kwamba ulipita kwa kamba. Ukikuta mahali pa kuchagua, agiza kiandike kila sekunde. Nafasi ya kuhifadhia siku hizi si tatizo.

Simu yangu ilikuwa na ugonjwa wa upande wa pili. Ilikuwa mfukoni mgongoni, nusu ya anga imezibwa na mwili wangu, nukta zikarukaruka kushoto na kulia kwa mita chache, na kila mruko ukahesabiwa kuwa safari. Nusu kilomita yangu ya ziada niliipata kwa kuyumba ambako sikuyumba.

Mwalimu alikuwa na kihisi kwenye kitovu cha gurudumu, kidude cha ukubwa wa kibiriti kinachohesabu mizunguko. Hicho hakijali setilaiti. Kinachojali ni kuambiwa ukweli kuhusu mzunguko wa tairi lako. Vifaa vingi vya sasa hujipimia vyenyewe kwa kulinganisha na GPS, lakini njia ya chaki bado ndiyo ninayoiamini. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote. Piga alama ya chaki chini ya tairi na nyingine sakafuni, ukae juu ya baiskeli, usogee mbele mpaka alama ya tairi iguse chini mara ya tatu, kisha pima kwa futi ya fundi na ugawanye kwa tatu. Kukaa juu yake ni lazima, maana uzito wako unaliminya tairi. Tairi jembamba la 700 kwa 25 huja kama milimita 2,105. Mwenye tairi nene la inchi 29, lenye milimita 2,290 hivi, akiiacha ile 2,105 iliyotoka kiwandani, kilomita 100 atasomewa 92 na atalala na huzuni isiyo na sababu.

Mwinuko ndio unaogombanisha marafiki

Tofauti ya umbali wetu ilikuwa ya senti. Ya mwinuko ilikuwa mita 370, na hapo ndipo tulipopandisha sauti.

Kifaa cha kijana hakikuwa na kingine cha kupimia kimo isipokuwa setilaiti zenyewe, na kimo ndicho udhaifu wake. Sababu ni rahisi: setilaiti zote ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya miguu yako, sayari imeziba. Kwa mashariki na magharibi zinakushika pande zote mbili. Kwa juu na chini zinakushika upande mmoja tu, kama hema lililofungwa kamba upande mmoja, upepo ukivuma linacheza. Ndiyo maana kosa la kimo huwa mara moja na nusu hadi mara tatu ya kosa la mahali. Lingekuwa jambo dogo kama tungeuliza tu "niko mita ngapi juu ya bahari?" Sisi tunauliza jumla ya kupanda, na jumla hiyo huhesabu kila kupanda na kupuuza kila kushuka. Kila mtikisiko wa mita tatu juu unaingia kwenye daftari, mtikisiko wa mita tatu chini hauutoi. Simama nusu saa chini ya mti unakula ndizi, na kuna vifaa vitakavyokuongezea mlima.

Cha mwalimu kina barometa. Ukikigeuza unaona kitundu, wakati mwingine viwili vitatu, vidogo kama vya sindano. Ndani yake kuna kihisi cha kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake. Karibu na usawa wa bahari kanieneo hupungua kwa hektopaskali moja, ndicho kipimo chake, kila unapopanda mita nane hivi, na kihisi kizuri kinaona hata ukipanda ngazi za nyumba. Kwa mtu anayependa milima hiki ndicho kitu cha kwanza cha kuuliza dukani, kabla ya skrini ya rangi, kabla ya masafa mawili.

Ila barometa nayo haijui kimo. Inajua kanieneo tu, na inakisia kwamba ikipungua basi umepanda. Kanieneo ina sababu nyingine za kupungua. Huku kwetu kwenye tropiki hupanda na kushuka yenyewe mara mbili kwa siku, kwa utaratibu kama maji ya pwani: hujaa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, hupwa karibu na saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Mjerumani Alexander von Humboldt aliliona hilo Amerika ya Kusini zaidi ya miaka 200 iliyopita, na mawimbi hayo ni ya kuaminika hivi kwamba barometa ingekusaidia kukisia saa. Kati ya kujaa na kupwa kuna hektopaskali mbili hadi tatu, yaani mita 20 hivi za mlima ambao haupo. Ushauri mwingi ulioandikwa Ulaya hautaji jambo hili kwa sababu kule dhoruba na mabadiliko ya hali ya hewa huyameza mawimbi haya yasionekane.

Kisha kuna mvua. Tone likiziba kitundu, hewa ya ndani inafungiwa, na kifaa kinaandika tambarare au hata mteremko mahali unapopanda. Huko msitu wa Magamba nimewahi kusoma asilimia sifuri huku nikitafuta gia ambayo sina. Suuza kitundu kwa maji safi ya uvuguvugu, kikauke chenyewe. Usichokoe kwa pini. Nyuma ya kitundu kuna utando, na pini ndiyo inayoufisha.

Sasa ile 1,270 ya simu yangu. Hiyo haikutoka kwa setilaiti wala kwa hewa. Programu ilitupilia mbali vimo vilivyorekodiwa, ikachukua mstari wangu na kuutandika juu ya ramani ya miinuko ya dunia. Chanzo kikuu cha ramani za namna hiyo ni safari moja ya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilichozunguka dunia kwa siku 11 Februari 2000 kikiipima ardhi kwa rada. Data yake ya kina, ya vipande vya mita 30 kwa 30, ilianza kuachiwa kwa ulimwengu mwaka 2014, na Afrika ikatangulizwa. Mita 30 ni nzuri ajabu kwa Dodoma. Kwa barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima ni balaa: kipande kimoja kinabeba barabara, genge lililo juu yake na korongo lililo chini yake, kwa wastani mmoja. Mstari wako ukiyumba mita chache kulia unaangukia kipande cha juu, ukiyumba kushoto cha chini, na barabara inayopanda taratibu inageuka meno ya msumeno. Penye msitu mnene, rada ile ilisoma karibu na vilele vya miti badala ya udongo.

Hii ndiyo sababu njia unayoichora nyumbani kwa ajili ya Usambara au Uluguru karibu kila mara hukutishia kuliko mlima wenyewe.

Kwa hesabu ya kichwa, Mombo iko kwenye mita 400 na kitu, Lushoto kwenye 1,400 hivi. Tofauti ni karibu 1,000, na baada ya Soni kuna kushuka na kupanda kidogo kwa kuongezea. Kwa hiyo 1,090 ya mwalimu ndiyo iliyokuwa karibu na haki, na chai nililipa mimi.

Ramani iliyochorwa na mtu

Neno "ina ramani" kwenye tangazo linaficha vitu vitatu. Kuna kifaa kinachoonyesha mstari tu, uufuate kama uzi, bila kujua kama chini yake kuna barabara au shamba la kabichi. Kuna kinachoonyesha ramani nyuma ya mstari. Na kuna kinachoielewa ramani kiasi cha kukutafutia njia nyingine ukikosea. Bei hupanda kwa mpangilio huo huo, na wengi wanalipia cha tatu wakati uzi ungewatosha.

Mimi niliyajua haya kwa gharama. Kifaa changu cha kwanza kililetwa na ndugu anayeishi Ulaya, kimetumika kidogo, kisafi, ramani kubwa ya rangi. Nikakifunga, nikatoka Mombo, na skrini ikanionyesha mshale mweusi juu ya karatasi nyeupe. Ndani yake kulikuwa na Ujerumani nzima hadi vichochoro. Lushoto, mji ambao Wajerumani walioutawala waliuita Wilhelmstal, haukuwemo. Vifaa vingi huuzwa na ramani za bara la muuzaji. Vipya zaidi hukuruhusu kushusha ramani za sehemu nyingine kwa Wi-Fi ya nyumbani, vya zamani vinataka upakie mwenyewe kwa waya. Ukinunua kilichotumika, waza nafasi ya kuhifadhia kabla ya kulipa.

Ramani nyingi za baiskeli zinatoka kwenye OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchorea. Dar es Salaam ina bahati. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, kupitia mradi wa Ramani Huria, walipita kata zinazokumbwa na mafuriko wakichora mitaro, nyumba na vichochoro, na ndiyo maana kifaa chako kinajua uchochoro ambao bodaboda mgeni haujui. Vijijini hali ni nyingine. Sehemu kubwa imechorwa na watu wa kujitolea walioko mbali, wakitazama picha iliyopigwa kutoka juu. Kwenye picha hiyo njia ya lori la mbao na njia ya mbuzi ni mstari uleule wa udongo mwekundu.

Mfano uko hapo hapo Lushoto. Irente kuna ukingo maarufu wa kutazamia tambarare, na Mazinde iko chini yako kama umeishika kiganjani. Kwenye ramani mstari mfupi unaunganisha Irente na Mazinde, na programu ya kupanga njia iliwahi kunishauri nishukie huko, niokoe kilomita kadhaa. Mtoto yeyote wa Irente angekuambia ile ni njia ya miguu, na miguu yenyewe iwe ya mtu aliyezaliwa pale. Uso wa mlima unashuka mamia kwa mamia ya mita.

Kwa hiyo panga njia nyumbani, kwenye skrini kubwa, ukilinganisha na picha ya setilaiti, na ukipata mwenyeji mpigie simu. Kifaa kikishakabidhiwa njia, zima ile hali ya kupanga upya kila unapopotea. Ukikosa kona, kinachofaa ni kukuambia umeacha mstari ili urudi. Kikiruhusiwa kufikiri, kitakutafutia mkato, na mkato wa Usambara unaufahamu sasa.

Jambo jingine linaloleta lawama zisizo na msingi: mwenzako anakutumia njia kwa WhatsApp kama faili la GPX, unalipakia, mstari unaonekana lakini kifaa hakitoi mlio hata kona moja. Si kibovu. GPX mara nyingi hubeba nukta za njia peke yake. Maagizo ya "kata kulia" huwa kwenye faili za aina ya TCX au FIT, au yaundwe na kifaa chenyewe kama kina ramani inayoelewa barabara. Mwombe mwenzako akutumie kiungo cha njia ili uishushe mwenyewe kwa namna kifaa chako kinavyopenda.

Kuhusu pesa

Swali ninalowauliza wanaoniomba ushauri ni moja: huwa unapotea? Mtu anayekwenda Bagamoyo na kurudi kila Jumamosi hapotei. Huyo anahitaji mwendo, umbali, muda, labda mapigo ya moyo, na kwa hayo vifaa vya Kichina kama iGPSPORT, Magene, Coospo na XOSS vipo vya chini ya dola 100 na vinafanya kazi. Hakikisha tu karatasi yake inataja barometa. Kwa bei hiyo vingine vinayo, vingine hapana. Anayezunguka milima asiyoijua, au anayeshindana kwenye barabara za vumbi, ndiye mwenye sababu ya kutazama Garmin Edge, Wahoo, Hammerhead au Bryton zenye ramani. Kileleni kuna vitu kama Edge 1050, iliyotoka 2024 kwa dola 700 hivi. Kuna watu wanaifunga kwenye baiskeli ya nusu ya bei hiyo. Kwa maoni yangu pesa hiyo ingenunua magurudumu bora na bado ibaki ya kifaa cha kati.

Vitufe au skrini ya kugusa? Vitufe. Jasho la Tanga na mvua ya Usambara zote zinagusa skrini bila ruhusa yako. Chaji iwe ya USB-C ukiweza, maana waya wake utaazima kwenye duka lolote. Saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi zipunguze; kufuata ramani mwanga ukiwa juu hula haraka. Kilichotumika kikague mambo matatu: masikio ya nyuma yanayoingia kwenye kishikio hayajavunjika, tundu la chaji halina kutu, na mwenye mali wa kwanza amekiondoa kwenye akaunti yake.

Na simu? Simu inatosha kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri. Organic Maps na OsmAnd ni bure, zinahifadhi ramani ndani, zinafanya kazi bila bando. Tatizo ni kuifunga usukanini: jua la saa sita linaipasha moto hadi skrini inafifia, betri inakwisha, na mtetemo wa barabara ya vumbi si rafiki wa kamera zake. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilionya kuhusu mtetemo wa injini za pikipiki kubwa. Zaidi ya hapo, simu ndiyo pochi yako ya kulipia soda na ndiyo utakayompigia mtu aje na pikapu. Ibaki mfukoni, imejaa chaji.

Mengine ni ya kupanga mara moja. Zima kile kipengele cha kusimamisha saa chenyewe, maana ukipanda kwa kilomita nne kwa saa kifaa kinadhani umeegesha. Mwanzoni mwa kila safari kiambie kimo halisi cha unapoanzia kama unakijua. Fungia kamba, kishikio kikivunjika Soni, kifaa hukioni tena. Weka namba nne kwenye ukurasa wa kwanza, zisizidi. Na ukipakia safari zako Strava, ile programu ya kuonyeshana safari, ficha mita mia kadhaa za kuanzia na kumalizia. Mwanzoni mwa 2018 ramani ya joto ya kampuni hiyo, ile inayong'arisha njia zinazopitwa sana, ilianika kambi za kijeshi za jangwani kwa sababu askari walikimbia wakizizunguka na saa mkononi. Nyumba yako yenye baiskeli ya milioni tatu haihitaji hata jangwa.

Mchana tuliteremka. Tulifika Mombo saa kumi jioni, hewa nzito, breki zinanuka. Mwalimu aliegesha mahali pale pale alipoanzia asubuhi, kwenye nguzo ile ile ya umeme, akainama kusoma kifaa chake cha bei kubwa chenye barometa, akakaa kimya kidogo. Kwa mujibu wake, tangu saa mbili asubuhi Mombo ilikuwa imeinuka mita 19.

"Usiseme neno," akaniambia, akaenda kununua maji.